Vidole vya Wafinyanzi wa Ikemo

Kijiji cha Lwasyo,
Mwambao wa Ziwa Nyasa,
Kyela.
Jumapili, 18 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako la kulia limepata nafuu kwa kuwa mvua za huko Kiomboi zimekatika. Mama naye presha inaendeleaje? Mwambie najua anaficha chumvi kabatini nyuma ya unga, na daktari alishamkataza. Alizeti mmekwisha kuvuna? Huku mvua bado. Mvua ya Mei ya Kyela haina adabu, inanyesha asubuhi na jioni, na mpunga wa watu umelala majini. Mimi mwilini sijambo. Sijaugua, sijapata ajali, wala sina mimba. Namtangulizia mama asije akawaza hayo kwanza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu hapa kijijini mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye kona ya ofisi, na kona hiyo iko chini ya dirisha la mtendaji. Barua hii nitaikabidhi kwa watu wa basi kesho asubuhi mjini Kyela, kabla sijaingia ukumbini. Kwa hiyo utakapoisoma, mambo yatakuwa yameshatokea. Isome peke yako kwanza, kisha umsomee mama taratibu.

Nikueleze kabisa kesho kuna nini, usije ukasoma kurasa zote hizi una wasiwasi na hujui unaogopa nini. Kesho saa nne asubuhi kamati ya uchunguzi inakaa katika ukumbi mmoja pale Bondeni, mjini Kyela, kusikiliza mgogoro wa msitu wa Ikemo. Mimi ni shahidi. Nitaulizwa swali moja: je, niliwaona kwa macho yangu wanawake kumi na wanne wakiweka vidole kwenye karatasi za kuutoa msitu wao kwa kampuni? Nikisema niliwaona, msitu umekwenda, na rafiki yangu Angetile atabaki maisha yake yote kuwa mtu aliyewauza ndugu zake. Nikisema sikuwaona, kuna jingine litakalonipata mimi. Hilo nitalieleza mbele, maana nikilianza sasa sitaweza kumaliza.

Watu wa Ikemo nilikwisha kukutajia kwenye simu, lakini kwa juujuu. Si wengi, kaya hazifiki arobaini. Wenzao wa mwambao huwaita watu wa porini, siku nyingine kwa utani na siku nyingine si utani, kwa sababu babu zao waliishi ndani ya msitu ulioko juu yetu hapa, kwenye mteremko wa milima ya Livingstone, mpaka walipoamriwa washuke ziwani. Msitu uliobaki ni mdogo. Wanaume sasa wanavua usipa na mbasa kama watu wengine, na wanawake wanafinyanga vyungu. Udongo wa vyungu hivyo unatoka shimo moja tu, nalo liko ndani ya msitu, jirani na makaburi yao.

Kuingia humo kuna taratibu, baba, nazo nilizijua kwa kukosea. Viatu vinaachwa mpakani. Kaburi halionyeshwi kwa kidole, linaonyeshwa kwa kidevu. Na donge la kwanza la udongo likichimbwa, linarudishwa shimoni, na mwanamke anayelirudisha anataja kwa sauti jina la mtu aliyemfundisha kufinyanga, kisha jina la aliyemfundisha huyo, na kwenda nyuma hivyo hivyo mpaka kumbukumbu yake inapokoma. Wasichana wanataja majina mawili, matatu. Bibi Anyosisye, aliyekuwa mkubwa wa wafinyanzi wote, alikuwa anataja tisa. Hakuna mahali pengine majina hayo yanapotajwa, na hayajaandikwa popote. Mfinyanzi akifa anazikwa humo humo, karibu na shimo, ili naye aanze kutajwa.

Nilipofika hapa mwaka juzi kuwa karani wa ofisi ya kijiji, Bibi Anyosisye ndiye mtu wa kwanza kunisalimia. Alisema ugonile, mimi nikajibu nzuri, wanawake wote waliokuwa kisimani wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Akanifundisha pale pale kujibu ndaga. Tangu siku ile akawa ananiita mjukuu wa nchi kavu, kwa sababu niliogopa kupanda mtumbwi. Nilipangishwa chumba kwa binti yake, Angetile, mwanamke wa miaka arobaini, mjane, mwenye ulimi mkali na moyo mzuri. Yeye namwita dada.

Angetile alikuwa ameajiriwa upishi kwenye nyumba za wageni kule Matema, na huko ndiko alikoliona jambo lililomrudisha nyumbani. Aliona wageni wakiletwa huku kwetu na watu wa mbali, wanapigwa picha na mabibi waliochafuka udongo, kisha wanaondoka wakiambiwa hadithi ambayo hakuna mtu wa Ikemo aliyewahi kuisimulia. Akaitisha kikao. Alisema kama wageni watakuja tu, basi heri tuwapokee sisi wenyewe, tuseme wenyewe kinachoonekana na kisichoonekana, na watoto wetu wasikie tukijieleza bila aibu. Mzee mmoja, Ambilikile, aliuliza kama wageni hao watataka kuwaona wamevaa majani. Bibi Anyosisye akamjibu kuwa wakitaka majani wapikiwe, watakula na wali.

Hivyo ndivyo Kikundi cha Utalii wa Utamaduni cha Ikemo kilivyoanza. Mimi niliandika kanuni zao kwa Kiswahili kizuri, nikazibandika ukutani. Mgeni anafika mpakani mwa msitu na hapiti. Anafundishwa kufinyanga, anakula, anasimuliwa, halafu anashuka. Hakuna picha ya makaburi, hakuna mtu kuvaa asichovaa siku zote. Baba, zilikuwa siku nzuri. Alikuja profesa mmoja kutoka chuo kikuu, mtu mzito mwenye miwani, chungu chake kikaanguka mara tatu, na Bibi akamwambia asijali, mikono yake imesoma sana ndiyo maana haisikii. Watoto waliokuwa wanakana lugha yao shuleni wakaanza kugombea nani awe wa kuwafundisha wageni majina ya samaki kwa Kikisi. Wasichana sita ambao walikuwa wamekataa kushika udongo walikwenda shimoni kwa mara ya kwanza. Nilikuwepo mpakani, nimeshika viatu vyao, nikawasikia wakitaja majina.

Sasa naingia kwenye mabaya.

Mwaka jana mwezi wa Septemba kampuni moja ilifika ofisini kwetu. Jina lake silitaji humu, na wewe mtu wa mahakama unajua kwa nini. Walitaka kujenga loji ndani ya msitu, na daraja la kamba juu ya miti, wageni watembee wakitazama chini. Walisema wamesikia sifa za Ikemo kutokana na kikundi chetu. Mtendaji wetu, Bwana Isack, aliwapokea vizuri sana. Ni mtu mpole, baba, hilo lazima niliseme kwa haki. Hafoki. Mimi ananiita binti yangu, na nikiwa na homa alikuwa ananiambia niende nikapumzike. Alizungumza nao siku tatu, wakaondoka, nikadhani yameisha, kwa kuwa hakuna mkutano wa kijiji ulioitishwa.

Januari wakaja mafundi na mabati na waya. Walizungushia msitu wote. Watu walipokimbilia ofisini, Bwana Isack alitoka na kabrasha akawasomea muhtasari wa mkutano: wanakikundi wa Ikemo, ambao ndio wenye msitu kwa mila, wameridhia kwa kauli moja. Akageuza ukurasa akaonyesha alama za vidole kumi na nne, kila moja mbele ya jina. Akauliza kama kuna anayekana kuwa aliwahi kuweka kidole kwenye karatasi za kikundi. Hakuna aliyeweza kukana. Wote walikumbuka kuwa mwaka mmoja nyuma Angetile aliwapitia nyumba kwa nyumba na karatasi na pedi ya wino, akawaambia ni za kusajili kikundi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona jinsi vichwa vilivyogeuka kumtazama Angetile, kimoja kimoja.

Toka siku hiyo hakuna aliyemwachia nafasi kisimani. Wanawake walikuja kuchukua vyungu vyao vilivyokuwa vinakaushwa kibandani kwake, hata vilivyokuwa bado vibichi, wakavibeba vikiwa vinapinda mikononi mwao. Wifi yake, Jeni, alisimama njiani akamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani kama loji wamemwahidi chumba cha juu au cha chini. Angetile alimzunguka akapita. Jioni aliniambia kuwa alichobeba yeye zilikuwa karatasi za usajili, kwamba alizisoma mstari kwa mstari, na kwamba haelewi. Akaniuliza mimi niliyesoma kama karatasi inaweza kubadilika ikiwa ndani ya faili. Nilimwambia sijui.

Machi udongo uliokuwa majumbani ukaisha. Bibi Anyosisye na wenzake watatu waliinua waya wakapita, wakaenda shimoni. Walinzi wa kampuni waliwasikia kwa sababu ya yale majina. Bibi alikuwa hawezi kuyataja kimyakimya, alisema hayo siyo maombi ya wizi. Walikamatwa wakalala mahabusu siku mbili. Bibi alikuwa na miaka sabini na nane.

Hapo ndipo likaja suala la vidole. Kwa kuwa wanawake walisema hawajawahi kuutoa msitu, aliletwa mtaalamu kulinganisha alama zao na zile zilizoko kwenye karatasi. Alianza na Bibi Anyosisye. Akambonyeza dole gumba, akaliinua, akatazama: doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Akamfuta, akarudia. Doa. Akaja wa pili na wa tatu mpaka wa kumi na nne, hali ilikuwa ile ile. Baba, wanawake hawa tangu wana miaka saba wanakwangua udongo wenye mchanga kwa vidole vyao, na kung'arisha vyungu kwa kokoto za ziwani. Mistari ya vidole imekwisha. Hata kusajili laini za simu huwashinda, mashine inawakataa, inabidi wasajiliwe na watoto wao.

Bwana Isack alisema mbele ya wote, kwa upole wake ule ule, kwamba jambo linaeleweka: vidole vilivyoko kwenye karatasi vina mistari, vidole vyao leo havina, basi wamejisugua kwa mawe ili wakane walichokikubali. Mzee Ambilikile akauliza kutoka nyuma kama na mgongo wake yeye ameupinda makusudi ili kuidanganya serikali urefu. Watu walicheka kidogo. Mtaalamu hakucheka, hakuwa mtu wa huku, aliandika alichoambiwa. Ripoti yake ninayo mbele yangu, niliinakili mwenyewe: ulinganisho hauwezekani, kuna dalili za kuharibu vidole kwa makusudi. Wanawake wote kumi na wanne wakaambiwa wanaweza kushtakiwa.

 Baada ya hapo Bibi Anyosisye alikaa barazani kwa Angetile, akawa anaitazama mikono yake, anaigeuza. Siku moja aliniita, mjukuu wa nchi kavu njoo, akaniuliza kama huko kwetu mtu akifanya kazi mpaka mwili ukabadilika huwa ni kosa. Nilikaa naye. Sikupata jibu la kumpa, au niseme kwa usahihi, jibu nilikuwa nalo na sikulitoa. Alifariki tarehe tisa Aprili, mchana, akiwa amelala ubavu.

Waliomba wamzike msituni. Mlinzi alisema hana amri. Wakatuma mtu kwa Bwana Isack, akasema anasikitika sana, lakini ardhi sasa ina mwenyewe. Wakangoja getini na jeneza tangu saa nne mpaka saa tisa, mvua inanyesha, kisha wakageuka wakamzika kando ya barabara, karibu na uwanja wa shule, mahali ambapo hakuna mtu wa Ikemo aliyewahi kuzikwa. Wanawake hawakukaa na Angetile. Alisimama upande mmoja na mimi, watu wengine wote upande wa pili, na kaburi la mama yake katikati.

Baba, sasa nimefika.

Vidole vilivyoko kwenye karatasi zile ni vyangu.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa utaratibu. Februari mwaka jana, tulipokuwa tunasajili kikundi, Angetile alizungusha fomu kama nilivyosema, na wanawake wote kumi na wanne walibonyeza vidole kwa hiari yao. Nikazituma fomu wilayani. Zikarudi, na maandishi ya wino mwekundu: alama hazisomeki. Angetile akawapitia tena. Zikarudi tena. Bwana Isack alicheka, akasema basi tusajili vyungu maana wenye vyungu hawapo duniani. Yeye alijua, baba. Tangu siku ile alijua vidole vyao vikoje. Siku ya mwisho ya usajili ilikuwa kesho yake. Kuwapitia mara ya tatu kungeleta madoa yale yale. Saa ya chakula cha mchana nilibaki ofisini peke yangu, nikachukua pedi ya wino, nikabonyeza vidole vyangu. Vyote kumi, na vinne nikavirudia kwa kuvilaza upande. Mbele ya kila jina nikaandika shahidi, nikatia sahihi yangu. Nilifanya seti mbili, ya pili ikiwa ya akiba kama ya kwanza ikipotea, na ile ya akiba sikuiwekea kichwa wala tarehe. Zile za kweli, zenye madoa yao, nilizichana.

Nilijiona mwenye akili. Nataka usiruke sentensi hiyo. Kikundi kilisajiliwa, wakapika wali na mbasa, Bibi akanipa chungu alichokifinyanga yeye, na sikuona haya kukipokea.

Oktoba, Bwana Isack aliniomba faili la kikundi, na ile seti ya akiba ilikuwa humo. Nikampa. Baada ya siku mbili alinisomea muhtasari nikauchapa, na ndani yake mlikuwa na maneno kwamba wanakikundi wameridhia kuutoa msitu. Nikamuuliza ni mkutano upi, akasema ni rasimu ya mkutano utakaokuja, watu wakikataa ataitupa. Nikachapa. Uliwahi kuniambia, baba, kwamba miaka thelathini ya ukarani wako mahakamani hukuongeza neno ambalo halikusemwa mbele yako. Mimi nilichapa ukurasa mzima.

Januari, alipowaonyesha watu karatasi, niliitambua seti yangu ya akiba. Dole gumba langu la kushoto lina lile kovu la mundu, ulilolifunga wewe kwa kitambaa nilipokuwa darasa la tatu. Mstari wake mweupe unakatiza alama ya kwanza, mbele ya jina la Bibi Anyosisye. Jioni nilimfuata Bwana Isack nikamwambia karatasi zile si za msitu. Alinikalisha. Aliniambia binti yangu, unataka tuulizane vidole ni vya nani? Wewe mtoto wa karani wa mahakama, unajua kughushi ni miaka mingapi. Halafu akaniuliza kama nimeshakula.

Tangu hapo nimenyamaza miezi minne. Nilikuwa nimenyamaza walipomuuliza Angetile kuhusu chumba cha juu. Nilikuwa nimenyamaza mtaalamu alipokuwa anampaka Bibi wino mara ya pili. Kila siku nilijiambia kuwa jambo litajimaliza lenyewe, kwamba kamati itagundua, kwamba mtaalamu ataona alama nne zimejirudia. Hakuona. Hakuna anayetafuta vidole vya karani. Usiku silali vizuri, nikisikia pikipiki nadhani wamekuja kunichukua, na nikisikia imepita nafurahi, halafu naona aibu ya ile furaha.

Leo baada ya ibada nilimwambia Angetile. Nilimkuta uani anaponda vigae vya vyungu vilivyopasuka ili achanganye na udongo wa mtoni, udongo mbaya, haushiki. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti kama wanavyosalimia huku, na hakuniambia niinuke. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba nimwonyeshe mikono, akaitazama bila kuigusa. Kisha akaniuliza siku mama yake anazikwa barabarani, mimi nilikuwa nimesimama wapi. Nikamwambia nilikuwa nimesimama naye, namshikia mwavuli. Akasema, "Basi ulikuwa karibu sana."

Nilimwomba msamaha. Alisema hilo tuliache, hana nafasi nalo leo. Alisema wale wenye kuhitaji kusikia hawako uani kwake, wako Bondeni kesho saa nne, na kwamba yeye hawezi kunisemea, kwani nani atamwamini yeye? Nikamwambia naogopa. Akajibu kuwa anaona. Boti ya Matema inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, naye atakuwemo, lakini hatakaa ubao mmoja na mimi. Nikishuka Matema nikaamua kukimbilia basi la kwenda kwetu, hatanishika, atakuwa ananitazama tu. Kisha akaendelea kuponda.

Kwa hiyo nitakwenda, baba. Nitawaambia kuwa sikuwaona, kwa sababu hawakuwepo, na nitawapa mikono yangu wailinganishe. Bwana Isack atakuwa ameketi pale pale mbele. Sijui sauti itatoka namna gani. Jana nilijaribu kuyasema maneno hayo chumbani peke yangu nikashindwa neno la tatu. Ndiyo maana nimeyaandika kwanza kwako. Kama sauti ikikwama ukumbini, karatasi hii itakuwa imeshasema, nawe utakuwa shahidi kwamba niliandika kabla sijashikwa na mtu.

Ninakuomba mambo mawili. Usimtafute mtu yeyote unayemfahamu mahakamani anisaidie. Hata kama akiweza, sitaki watu wa Ikemo wasikie kuwa kesi yangu nayo imepitishiwa mlango wa nyuma. Na barua hii uitunze. Pengine karatasi nyingine zitapotea.

Msalimie mama sana, na shangazi, na wadogo zangu wote. Mwambie Ebenezer asome, na asikubali kutia sahihi karatasi ambayo haina kichwa. Atadhani nataniana naye, mwache adhani hivyo. Wasalimie majirani, na usharika. Salamu za huku sina za kukuletea, aliyekuwa akikusalimia kila nikiandika ni Bibi Anyosisye.

Kesho wakiniruhusu kupiga simu, nitapiga kabla jua halijazama. Ikifika Jumatano simu haijaita, mwambie mama nilipo. Usimwambie niko safarini.

Ni mimi mwanao,

Teddy E. Mkumbo